JE, WAKO WENYE AKILI WENGINE KATIKA MBINGU?

  



Halmashauri ya sherehe hii iliponitaka nizungumze, wengi walitaraji nitaeleza historia ya msikiti wetu au malezi ya watoto. Mambo hayo yana wenyewe leo, nao wanayajua kuliko mimi. Mimi nimechagua swali ambalo vijana wa madrasa wameniuliza mara nyingi kuliko swali lolote la twahara, nalo ni hili: je, huko juu kwenye nyota wako viumbe wengine wenye akili kama sisi?

Yamkini mzee mmoja anasema moyoni mwake, "Sheikh amekosa la kusema." Naomba anivumilie. Kijana mmoja wa mji huu aliliuliza swali hili darasani. Mwalimu wake akamjibu kwamba maneno hayo ni ya makafiri, akamkalisha chini mbele ya wenziwe. Tangu siku ile kijana hajarudi chuoni, na baba yake alipomwuliza sababu alisema hataki kusoma dini inayoogopa maswali. Basi hilo ndilo lililonileta hapa. Watoto wetu wanazisoma habari hizi katika skuli, na usiku wanazisoma katika simu zao. Wakituuliza tukawafokea, wako wengine watakaowajibu.

Nitangulize neno moja. Nisemapo wanafalaki nawakusudia watu wa darubini na hesabu. Wapiga ramli wanaouza nyota za watu sokoni wajue hawamo katika mazungumzo haya.

Wanafalaki wanatuambia kwamba jua letu ni nyota moja katika kundi kubwa la nyota, nalo ndilo lile wingu jeupe tunaloliona limetanda mbinguni usiku usio na mwezi. Katika kundi hilo nyota hazipungui milioni 100,000, yaani bilioni 100 kama wasemavyo siku hizi, na makundi ya namna hiyo nayo hayahesabiki kwa vidole. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa nukta moja. Kwa mwendo huo nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8 na kitu. Lakini nyota iliyo jirani yetu kabisa baada ya jua, iitwayo Proxima Centauri, nuru yake huchukua zaidi ya miaka 4 kufika. Yenyewe haionekani kwa macho matupu, ila iko karibu na ile nyota kali inayoonekana upande wa kusini, jioni za Mei na Juni. Sisi tunaokaa katika mstari wa ikweta tumepewa neema ya kuziona nyota za kaskazini na za kusini pamoja, nasi twapita chini yake tukitazama matope.

Zamani watu walikuwa wakikisia tu kwamba nyota nyingine nazo huenda zina sayari zinazozizunguka. Mwaka 1995 wanafalaki wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walithibitisha sayari inayozunguka nyota mfano wa jua letu, na mwaka 2019 wakapewa tuzo ya Nobel. Leo sayari za namna hiyo zilizothibitishwa zapita 5,000. Hata ile nyota jirani, mwaka 2016 ilionekana kuwa na sayari yake. Kwa hiyo asemaye leo kwamba mahali pa kukaa ni hapa tu, huyo amenyamazishwa na hesabu. Lakini mahali ni jambo moja na mkaaji ni jambo jingine. Ukiona nyumba mia kwa mbali usiku, na zote hazina taa, huwezi kuapa kwamba zina watu, wala huwezi kuapa kwamba ni tupu.

Tena hata tukijaalia kwamba uhai uko, akili ni daraja nyingine. Wataalamu wa miamba wanasema umri wa ardhi yetu ni kiasi cha miaka milioni 4,500, na kwamba athari za vijidudu vidogo zimeonekana katika miamba yenye umri wa miaka milioni 3,500. Mawimbi ya redio tumeanza kuyatumia karne ya 19 ikiisha. Mgeni wa mbali angaliitegea sikio ardhi hii katika zama zote hizo, angalisikia kimya, na kumbe majani yanaota na wanyama wanakula. Ndiyo maana sipendi vijana wanaponiambia, "Sheikh, nyota ni nyingi, basi lazima wako." Lazima hiyo wameitoa wapi? Wingi wa mahali hutupa kutaraji, haukupi yakini.

Na watu wamesikiliza kweli. Mwaka 1960 mwanafalaki wa Marekani, Frank Drake, alichukua darubini ya redio, nayo ni kama sinia kubwa la chuma lenye upana wa mita 26, akaielekeza kwenye nyota mbili zilizo karibu na jua. Alisikiliza miezi michache, asisikie neno. Tangu hapo wamesikiliza wengine kwa vyombo vilivyo bora zaidi, na mpaka leo hakuna sauti iliyothibiti. Kabla ya hapo, mwaka 1950, mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa mezani na wenzake kwa chakula cha mchana, akawatupia swali: ikiwa viumbe hao ni wengi na zama ni ndefu hivi, mbona hatuwaoni? Swali lile bado halijapata jibu lililowaridhisha wote.

Hapa, ndugu zangu, nataka tusimame kidogo, kwa kuwa jambo hili la ushahidi sisi Waislamu tunalijua kila mwaka. Unapoandama mwezi wa Ramadhani, katika madhehebu yetu ya Shafii shahidi mmoja mwadilifu hutosha, na kwa mwezi wa Shawwal hutakiwa wawili. Kadhi haridhiki kwa kuambiwa "nimeuona." Humwuliza alisimama wapi, mwezi ulikuwa upande gani wa mahali jua lilipotua, na pembe zake zilielekea wapi. Kwani mwenye hamu ya Idi huuona mwezi hata katika unywele wa ukope wake.

Wanafalaki nao wamewahi kuona unywele wa ukope. Mwaka 1877 Schiaparelli wa Italia aliitazama sayari ya Mirihi, akachora mistari mirefu juu yake. Akaja Percival Lowell wa Marekani, akasema mistari ile ni mifereji iliyochimbwa na watu wenye akili ili wapitishe maji. Aliandika vitabu juu yake, watu wakaamini. Mwaka 1965 chombo kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi, kikaleta picha: mashimo na mawe, hakuna mfereji hata mmoja. Lowell hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwenye hamu.

Mwaka 1967 pale Cambridge mwanafunzi mmoja wa kike, Jocelyn Bell, alipokea mapigo ya redio kutoka mbinguni, yamepangika sawasawa kama saa ya ukutani. Wenyewe wakatania kwamba huenda ni salamu za viumbe wa mbali. Wakaenda polepole, wakapata mapigo mengine ya namna hiyo kutoka pande nyingine za mbingu, ikabainika kwamba ni aina ya nyota iliyokuwa haijajulikana, ndogo na nzito mno, inayozunguka kwa kasi. Tarehe 15 Agosti 1977 huko Ohio mashine ikanasa mlio wenye nguvu kwa sekunde 72, mtaalamu aliyeusoma akaandika neno la mshangao pembeni mwa karatasi. Wameurudia mahali pale mara nyingi, haukusikika tena. Na juzi juzi, mwaka 2025, wataalamu wa Cambridge walisema wameona dalili za gesi fulani katika hewa ya sayari iitwayo K2-18b, iliyo mbali nasi kiasi cha miaka 124 ya mwendo wa nuru. Gesi hiyo hapa kwetu hutokana zaidi na mimea midogo mno ya baharini. Magazeti yakapiga kelele. Wataalamu wengine walipozipima upya habari zile zile hawakuridhika, na wale wa kwanza wenyewe walikiri kwamba ushahidi haujatimia. Mimi nawasifu watu hawa. Wanamhoji shahidi kama anavyohojiwa mbele ya kadhi.

Tuje sasa kwenye dini yetu. Je, yuko Mwislamu atakayetoka katika imani kwa kusema kwamba huko juu huenda wako viumbe? Hapana. Na yuko atakayetoka kwa kusema kwamba huenda hawako? Naye hapana. Katika nguzo za imani tulizofundishwa jambo hili halimo.

Lakini mlango uko wazi, na waliouacha wazi ni maulamaa wa zamani, kabla darubini haijatengenezwa. Tazameni Surat Shura, aya ya 29. Maana yake ni kwamba katika dalili za Mwenyezi Mungu ni kuumba mbingu na ardhi na viumbe vitembeavyo alivyovieneza ndani ya hizo mbili, naye ni muweza wa kuvikusanya atakapo. Wafasiri waliulizana: vitembeavyo mbinguni ni nini? Wako waliosema makusudio ni malaika. Wako waliosema ni desturi ya Kiarabu kutaja viwili na kukusudia kimoja. Lakini Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria, na Imamu Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 606, walitaja na njia nyingine: kwamba si mbali Mwenyezi Mungu akawa ameumba mbinguni namna za viumbe wanaotembea huko kama watu watembeavyo katika ardhi. Razi huyo huyo, alipoifasiri Fatiha na kufika neno "walimwengu," alishikilia kwamba Mwenyezi Mungu ni muweza wa kuumba walimwengu elfu mara elfu mbali na huu wetu. Na katika karne ya 20 Abdullah Yusuf Ali, aliyeifasiri Kurani kwa Kiingereza, aliandika juu ya aya hiyo ya Shura kwamba yafaa kuelewa uhai umetapanywa katika baadhi ya nyota na sayari.

Mkiangalia vizuri mtaona adabu ya watu wale wawili wa kwanza. Hawakusema "wako." Walisema "si mbali." Ni tofauti na hawa wa siku hizi ambao kila gazeti likitangaza jambo, jioni yake wanalikuta ndani ya Kurani. Nyota za Jocelyn Bell zilipojulikana, walitokea waliosema ndiyo ile Tarik iliyotajwa katika sura yake, kwa kuwa hugonga kama mtu agongaye mlango. Huenda. Lakini je, wanafalaki wakibadili maneno yao kesho, tutaibadili na tafsiri? Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakihitaji kuegemezwa kwenye gazeti.

Liko na jambo zito kuliko hilo. Mwisho wa Surat Talaq imetajwa kwamba Mwenyezi Mungu ameumba mbingu saba, na katika ardhi mfano wake. Imepokewa kwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amwie radhi, riwaya isemayo kwamba katika kila ardhi yumo Adamu mfano wa Adamu wenu, na Nuhu mfano wa Nuhu wenu, na Mtume mfano wa Mtume wenu. Imamu Bayhaqi aliyefariki mwaka 458 Hijria aliipokea, akasema isnadi yake ni sahihi lakini matini yake ni ya peke yake, haina wa kuitia nguvu. Ibn Kathir akasema kwamba hata ikithibiti, yafaa kudhaniwa imechukuliwa katika habari za Wana wa Israili. Huko India, katika karne ya 19, riwaya hii moja ilizua mabishano makali. Abdul Hayy wa Lucknow aliandika risala kuitetea, na Muhammad Qasim Nanautawi, mmoja wa waasisi wa chuo cha Deoband, aliandika kitabu ambacho mpaka leo watu wanagombana juu yake. Naitaja ili vijana wajue kwamba swali lao halikuanzia katika sinema. Wazee wao katika elimu walilibeba zamani, wakalipima kwa mizani, na wengi wao wakaliweka chini bila ya kulitolea hukumu.

Wako wanaokimbilia kusema, "Hao ni majini." Majini tunawaamini, wametajwa waziwazi, nao ni viumbe wenye akili na wenye kukalifishwa. Kwa hiyo Mwislamu hashtushwi na habari kwamba si yeye peke yake mwenye akili katika viumbe vya Mungu, na hapo tunapishana na watu wengi wanaoona kwamba jambo hili litawavunjia dini. Lakini majini ni jirani zetu katika ardhi hii, na mwanafalaki atafutaye gesi katika hewa ya sayari hatafuti jini. Tusichanganye mafaili. Na kila taa ionekanayo angani usiku Entebbe kuna uwanja wa ndege, tuulize huko kwanza.

Swali jingine nililoulizwa na mama mmoja baada ya darsa ni zito zaidi: wakipatikana, je, hadhi ya mwanadamu haitashuka? Nilimjibu kwa aya ya 70 ya Surat Israi. Mwenyezi Mungu amewatukuza wana wa Adamu, akawafadhilisha juu ya wengi katika aliowaumba. Juu ya wengi, hakusema juu ya wote. Maulamaa walilisimamia neno hilo walipojadiliana juu ya watu na malaika. Basi nafasi imeachwa tangu mwanzo, na heshima tuliyopewa haikushartiwa kwamba tuwe peke yetu.

Sisi Waislamu wa nchi hii tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 1844 mfanyabiashara aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika katika jumba la Kabaka Suuna. Alipoona watu wanauawa kwa amri ya mfalme, alisimama akamwambia kwamba watu hao wana Mola aliyewaumba, na yeye mfalme vilevile. Kabla ya siku ile, kwa watu wa jumba lile, hapakuwa na Maka wala bahari ya chumvi. Kutojua kwao hakukuifuta Maka. Hata hivyo nguo na vyombo vya pwani vilikuwa vimefika Buganda kabla ya wenye pwani, vikipita mikono kwa mikono, na mtu mwenye busara angaliweza kukisia kutokana na bakuli kwamba mahali fulani yuko mfinyanzi. Wanafalaki leo wanatafuta bakuli. Mimi mpaka sasa sijaonyeshwa hata kigae chake, na nikionyeshwa nitakipokea.

Bakuli letu sisi limekwisha kutumwa. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili viitwavyo Voyager, na juu ya kila kimoja imewekwa sahani iliyopakwa dhahabu yenye sauti za dunia na salamu kwa lugha 55. Kiarabu kimo. Kiganda kimo, na salamu yake inawaombea wasikilizaji amani ya Mungu. Kiswahili chetu, ndugu zangu, hakimo. Voyager 1 sasa iko mbali nasi zaidi ya kilomita bilioni 24, na kwa mwendo wake ingechukua zaidi ya miaka 70,000 kukata masafa kama ya kwenda kwenye ile nyota jirani. Kwa hiyo Waganda wasitutambie sana. Jibu lao litachelewa.

La mwisho aliniuliza mtoto wa miaka kumi, nalo ndilo bora katika maswali yote niliyoyataja. Alisema: "Sheikh, kama wako, wanasali kuelekea wapi?" Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwaka 2007, katika mwezi wa Ramadhani, daktari Mwislamu wa Malaysia alikwenda katika kituo cha anga, na maulamaa wa nchi yake walikaa wakaandika mwongozo wa sala, kibla na saumu kwa mtu aizungukaye ardhi mara 16 kwa siku. Fikihi ilimfuata huko, ikamwambia aelekee Alkaaba kadiri awezavyo, na asipoweza aelekee ardhi, na asipoweza aelekee popote. Lakini mtoto aliuliza juu ya wasio wana wa Adamu. Nilimwambia kwamba Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Surat Israi, aya ya 15, kwamba haadhibu mpaka atume mtume. Kama wako na wana akili, Mola wao ni huyu huyu Mola wetu. Aliyowakalifisha anayajua Yeye, na kama alituma kwao mjumbe, mjumbe huyo aliwafundisha pa kuelekea. Akaniuliza tena kama inajuzu kuwatafuta. Nikamwambia inajuzu, asome hesabu kwa bidii, na siku ya Jumamosi asikose chuo.

Yule kijana mwingine, aliyefukuzwa kwa swali lake, nyumba yao naijua. Nimemwomba baba yake ruhusa ya kwenda kuzungumza naye wiki hii, inshallah.